Hesabu za Mvua: Tanzania Ilivyokadiria Umeme Wake, 1908–2025

Kukadiria umeme wa maji ni kukadiria mambo mawili kwa pamoja: mvua ambayo bado haijanyesha, na mteja ambaye bado hajajenga nyumba. Tanzania imeifanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Mabwawa yalijengwa mamia ya kilomita kutoka pwani, lakini makosa ya hesabu yamezoea kuonekana kwanza Dar es Salaam, jiji linalokula sehemu kubwa kuliko yote ya umeme wa gridi. Ndani ya jiji hilo yameonekana zaidi katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, ambako watu walihamia kwa kasi kuliko nguzo.

Jenereta za mjini, 1908–1964

Kituo cha kwanza cha umeme kwa ajili ya umma kilijengwa Dar es Salaam na serikali ya kikoloni ya Wajerumani mwaka 1908, kikihudumia karakana za reli na mitaa ya Wazungu iliyokuwa jirani. Waingereza walianzisha idara ya umeme mwaka 1920, na mwaka 1931 wakaiachia kazi hiyo mikononi mwa kampuni binafsi mbili. DARESCO ilipewa Dar es Salaam na miji ya Reli ya Kati. TANESCO ya wakati ule ilipewa Tanga, ambako mashamba ya mkonge yalikuwa na fedha na Mto Pangani ulikuwa na maporomoko. Katikati ya miaka ya 1930 Pangani ilianza kuzalisha umeme wa maji, na sehemu yake ikauzwa hadi Mombasa. Dar es Salaam ilibaki na dizeli.

Makadirio ya kampuni hizo yalikuwa mepesi. Zilihesabu nyumba za Oysterbay, maduka ya Uhindini, bandari na ofisi za serikali, kisha zikaagiza jenereta. Wakazi wa Magomeni, Ilala na Temeke, mitaa iliyopimwa kwa ajili ya Waafrika, kwa sehemu kubwa hawakuwamo katika hesabu. Walikuwa wateja wa mafuta ya taa na mkaa. Hesabu iliyowaacha nje ilikuwa sahihi kwa mizani ya kampuni, kwa kuwa mtu asiyefikiwa na waya hawezi kuonekana kwenye mauzo ya mwaka.

Mwaka 1964 kituo cha Hale kwenye Mto Pangani kilianza kazi na megawati 21, na laini ya kilovolti 132 ikaufikisha umeme wa maji Dar es Salaam. Mwaka huohuo serikali ilianza kununua hisa za kampuni zote mbili, na mwaka 1968 zikawa shirika moja, TANESCO. Tangu hapo swali halikuwa tena jenereta ngapi ziagizwe, bali mto upi utafuata.

Ruaha Mkuu, 1965–1988

Mto uliofuata ulikuwa Ruaha Mkuu. Uamuzi wa kujenga kituo cha Kidatu kwenye mto huo, kwa mikopo na misaada ya Benki ya Dunia na Sweden, ulitegemea kumbukumbu za mtiririko ambazo nyingi zilianza kukusanywa miaka ya 1950 tu. Hapo ndipo penye mzizi wa mengi yaliyofuata. Mhandisi anayepanga kituo cha maji hutafuta kwanza umeme wa uhakika, yaani kiasi ambacho kituo kinaweza kutoa hata mwaka ukiwa mkavu, na kiasi hicho hukipata kwa kuangalia miaka mibaya iliyopita. Kumbukumbu ikiwa ya miaka 15 au 20, mwaka mbaya kuliko yote uliomo ndani yake unaweza kuwa mwaka wa kawaida tu kwa kipimo cha karne. Isitoshe, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Afrika Mashariki ilipata mvua zisizo za kawaida, zilizoinua Ziwa Victoria kwa takriban mita 2. Miaka kama hiyo ikiingia katika orodha fupi, wastani hupanda.

Jiografia nayo ilikuwa na lake. Dar es Salaam hupata mvua mara mbili kwa mwaka: vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi. Nyanda za juu za Mbeya na Iringa, zinazolisha Ruaha Mkuu, zina msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Mvua ikinyesha Mbagala mpaka Bonde la Mzinga likafurika, bwawa la Mtera, kwenye Ruaha Mkuu, halipati hata tone. Kwa muda mrefu mkazi wa pwani aliona mvua dirishani akaambiwa maji ya bwawa yamepungua, na hakuona kwa nini aamini.

Kidatu ilianza mwaka 1975 na megawati 100, na ilipofika 1980 ilikuwa na megawati 200 na ushei. Ili kuhifadhi maji ya kifuku kwa ajili ya kiangazi, bwawa la Mtera lilijengwa juu yake mtoni na kukamilika mwaka 1980. Lilitandaa kwenye uwanda mkavu unaopakana na Dodoma, pana sana kuliko kina chake, na eneo lake likijaa huzidi kilomita za mraba 600. Maji mengi yanayoingia humo huondoka kwa jua kabla ya kufika kwenye mtambo. Mwaka 1988 Mtera yenyewe ilifungiwa mitambo ya megawati 80.

Upande wa mahitaji, wapangaji walitazama viwanda. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza mwaka 1966, kile cha nguo cha Urafiki pale Ubungo mwaka 1968, na Chang'ombe pamoja na Barabara ya Pugu zilikuwa zikijaa karakana. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, hoja ya maji ilipata nguvu mpya. Kisha uchumi ukaanguka. Vita vya Uganda vya 1978–79, ukosefu wa fedha za kigeni na uhaba wa vipuri viliviacha viwanda vingi vikifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Umeme wa Kidatu ukazidi wanunuzi, na kwa miaka kadhaa taifa likaishi kwa raha ya uongo: mabwawa yalionekana makubwa kwa sababu viwanda vilikuwa vimelala.

Enzi hiyohiyo ilizaa ndoto kubwa zaidi. Kwenye korongo la Stiegler mtoni Rufiji, lililopewa jina la mhandisi Mjerumani anayesimuliwa kuuawa na tembo mwaka 1907, Wanorwei walifanya uchunguzi wa bwawa la takriban megawati 2,100. Mamlaka ya kuendeleza bonde hilo, RUBADA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Tatizo halikuwa maji. Mradi ule ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko mahitaji yote ya nchi, na hakuna mkopeshaji aliyekubali kusubiri wateja wazaliwe. Faili lilifungwa, likakaa kabatini kwa miaka 30 na zaidi.

Nishati iliyokuwa nje ya daftari, 1970–2009

Wakati wataalamu wakibishana juu ya mabwawa, nishati jadidifu iliyoliendesha jiji ilikuwa ikiingia kwa malori na baiskeli kutoka Kisarawe, Mkuranga na Rufiji. Mkaa ulikadiriwa pia, kwa namna yake. Miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wa misitu walilinganisha ukuaji wa miti na matumizi ya kuni, wakachora mistari miwili inayoachana, na kutabiri kwamba kabla ya mwisho wa karne pengo litakuwa la kutisha. Utabiri ule haukutimia kama ulivyoandikwa. Miti ya miombo huchipua tena kwenye visiki, wakulima hupata kuni mashambani, na mkaa ukiadimika karibu hutafutwa mbali.

Huko kutafuta mbali ndiko kulikopimika. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2010 walionyesha kwamba ukingo wa uchomaji mkaa ulikuwa umesogea kutoka takriban kilomita 20 nje ya Dar es Salaam mwaka 1991 hadi takriban kilomita 50 mwaka 2005. Benki ya Dunia nayo iliripoti mwaka 2009 kwamba nusu ya mkaa wa Tanzania, ambao ulikuwa takriban tani milioni 1 kwa mwaka, ulitumika Dar es Salaam. Kati ya 2001 na 2007 sehemu ya kaya za jiji zilizopikia mkaa ilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Kipindi hicho ndicho wapangaji wengi walichotarajia kwamba mji ungehamia gesi na umeme.

Sababu za kurudi kwenye mkaa si za kificho. Mafuta ya taa yalipanda bei, mtungi wa gesi ulihitaji fedha nyingi kwa mkupuo, na mkaa uliuzwa kwa kopo kwenye kila kona ya Tandale na Mtoni. Umeme uliokuwepo ulikuwa wa mgao. Mtu hawezi kubandika maharage kwenye jiko ambalo hajui litazimika saa ngapi.

Ukame wa kwanza na mtambo wa Tegeta, 1992–2002

Uchumi ulipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, mahitaji yaliamka. Sensa ya 1978 iliwakuta watu 843,090 mkoani Dar es Salaam; ya 1988 iliwakuta 1,360,850; ya 2002 ilikaribia milioni 2.5. Wengi wa walioongezeka hawakupata nafasi katikati ya mji. Walinunua viwanja visivyopimwa Manzese, Kimara, Tegeta, Mbagala na Yombo, wakajenga chumba kimoja, kisha cha pili, na kuomba umeme baada ya miaka. Mtindo huo wa ujenzi ulivuruga hesabu za shirika, kwani mteja hakutokea siku moja na ramani yake mkononi. Alitokea kidogokidogo, mara nyingine kupitia waya wa jirani au kwa msaada wa kishoka, fundi asiye rasmi.

Mwaka 1992 mvua za nyanda za juu zilikuwa haba, Mtera ikashuka, mgao ukaanza, na mwaka 1994 ukarudi. Mshtuko ulikuwa mkubwa kwa sababu umeme wote wa maana ulitegemea maji, na sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa ya mto mmoja. Lawama zilielekezwa Usangu, bonde la Ruaha Mkuu lililo juu ya Mtera, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji. Ruaha Mkuu ulikuwa umeanza kukauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na kuunganisha mambo hayo mawili kulionekana rahisi.

Watafiti waliolichunguza bonde hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walitenganisha kilichochanganywa. Maji yanayochepushwa mashambani wakati wa kiangazi hukausha mto hifadhini, hilo ni kweli. Lakini Mtera hujazwa na mafuriko ya kifuku, ambayo ni mengi mno kuliko maji ya kiangazi. Walipopitia rekodi za mabwawa waliona kwamba uendeshaji wenyewe ulichangia upungufu wa mwanzo wa miaka ya 1990, maji yakiachiwa zaidi ya yalivyohitajika. Siasa haikungoja ufafanuzi huo. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi akiwa London kwamba Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu, ndani ya Usangu, na mwaka 2008 Usangu ikaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ulifika mto ukiendelea kukauka.

Jibu jingine la ukame lilijengwa Kinondoni. Mwaka 1995 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mtambo wa mafuta wa megawati 100 pale Tegeta. Mkataba uliandikwa na watu waliokuwa wametoka gizani, na ulisomeka hivyo: shirika lingelipia uwezo wa mtambo kila mwezi, uwashwe usiwashwe. Mgogoro wa gharama ulipelekwa kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mtambo ukaanza kazi ya kibiashara Januari 2002. Katikati ya muda huo mvua za El Niño za 1997–98 zilikuwa zimejaza mabwawa, kituo kipya cha Pangani kilikuwa kimeongeza megawati 68 mwaka 1995, na kituo cha Kihansi megawati 180 kuanzia mwaka 1999 na 2000. Makadirio ya dharura ya 1994 yalifika yakiwa yamechelewa miaka minane, na bili yake ililipwa kwa miaka mingi baadaye.

Kihansi yenyewe iliacha somo la aina tofauti. Maji yalipogeuziwa mtamboni, rasharasha ya maporomoko ilipungua, na chura mdogo aliyegunduliwa hapo mwaka 1996, ambaye hakuwahi kuonekana kwingine duniani, akatoweka porini. Vizazi vyake vilitunzwa katika bustani za wanyama Marekani. Hakuna jedwali la makadirio lililokuwa na safu ya chura.

Giza la 2006

Vuli ya 2005 ilishindwa, na msimu wa nyanda za juu ukafuata mkondo huo. Mwaka 2006 mgao ulifika saa 12 na zaidi kwa siku. Mtera ilishuka kuelekea mita 690 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa kuendeshea mtambo, ilhali bwawa likijaa hufika mita 698.5. Taifa zima lilijifunza kusoma namba hizo kwenye taarifa ya habari. Sinza na Mwenge zilijaa ngurumo za jenereta ndogo mbele ya maduka na saluni. Mafundi wa kuchomelea wa Temeke walihamishia kazi usiku, saa ambazo umeme ulikuwepo. Mwanzoni mwa mwaka huohuo serikali ilipiga marufuku mkaa kwa ajili ya kuokoa misitu. Amri ilidumu wiki chache tu, ikaondolewa. Kufunga mkaa katika mwaka usio na umeme ni uamuzi ambao ungeweza kufanywa tu na ofisi mbili zisizosomeana majalada.

Waziri Mkuu Edward Lowassa alikwenda hadi Thailand kutafuta utaalamu wa kutengeneza mvua. Mwezi Juni 2006 mkataba wa mitambo ya dharura ya megawati 100 ulipewa kampuni ya Richmond. Mitambo ilichelewa, mkataba ukahamia Dowans, na mwishoni mwa mwaka mvua kubwa za El Niño zikanyesha. Ni hadithi ya Tegeta ikirudiwa kwa kasi: uamuzi ulifanywa ukame ukiwa kileleni, na mtambo ukafika mabwawa yakijaa. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe ilichunguza zabuni hiyo, na tarehe 7 Februari 2008 Lowassa akajiuzulu.

Ubaya wa vipindi hivi kwa mkadiriaji hauishii kwenye fedha. Makadirio ya mahitaji hujengwa juu ya mauzo ya miaka iliyopita, na mauzo ya mwaka wa mgao hayapimi watu walitaka nini, yanapima walipewa nini. Mita za LUKU, za kulipia kabla, za Kinondoni zilisajili sifuri saa zilezile ambazo wenye mita walikuwa wakinunua petroli ya jenereta. Anayechukua takwimu za 1994, 2006 na 2011 bila kuzirekebisha huona mji wenye kiu ndogo.

Gesi yachukua nafasi ya mto, 2004–2017

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikasubiri miaka 30. Mwaka 2004 bomba liliifikisha Ubungo, na mitambo ya Songas ikaanza kuitumia. Ukame wa 2011 ulileta mgao mwingine na mitambo mingine ya kukodi, na safari hii serikali iliamua kuachana na mvua. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, lililopingwa vikali Mtwara mwaka 2013, lilizinduliwa Oktoba 2015. Mwezi huohuo vituo vya maji vilizimwa kwa kukosa maji. Kati ya megawati 561 zilizofungwa katika vituo vyote vya maji nchini, takriban 105 tu ndizo zilizokuwa zikipatikana. Kinyerezi I na II ziliongeza megawati 150 na 240, na umeme wa jiji ukawa wa gesi zaidi kuliko wa maji.

Kwenye karatasi, kipindi hiki kilikuwa cha ujasiri. Mwongozo wa mageuzi ya sekta uliotolewa mwaka 2014 ulisema uwezo wa nchi ungepanda kutoka megawati 1,583 hadi angalau 10,800 ifikapo 2025. Mpango Kabambe wa Kuendeleza Mfumo wa Umeme wa 2016 ulitaja takriban megawati 20,000 ifikapo 2040. Namba hizo zilitokana na matumaini ya viwanda na makaa ya mawe zaidi kuliko mita za wateja. Jua na upepo vilipewa nafasi ndogo: Singida ilipimwa upepo kwa miaka mingi bila mtambo kusimama, na mtambo wa kwanza wa kibiashara wa upepo, wa megawati 2.4, ulianza Mufindi mwaka 2020. Uwezo wa jotoardhi ulitajwa katika kila ripoti kuwa megawati 5,000, namba ya nchi nzima isiyo na hata kisima kimoja cha kuzalishia.

Upande wa wateja, ada ya kuunganishiwa ilipanda na kushuka zaidi ya mvua. Kwa muda ilishushwa hadi shilingi 27,000, na Januari 2022 ikarudishwa shilingi 320,960 kwa mijini. Kwa mkazi wa Mbagala tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama nyumba ingeingia kwenye hesabu ya taifa mwaka huu au baada ya mitano.

Rufiji, 2018–2024

Faili la Stiegler lilifunguliwa upya na Rais John Magufuli. Desemba 2018 mkataba ulisainiwa na kampuni za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, na Julai 2019 jiwe la msingi likawekwa. Mradi ulipewa jina la Julius Nyerere: mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Serikali ililipa yenyewe, kwani wakopeshaji wengi waliogopa ubishi kuhusu Selous, pori la akiba lenye korongo hilo na eneo la urithi wa dunia tangu 1982.

Hesabu ya maji ya bwawa hili si ile ya Mtera. Katika Rufiji, Kilombero huchangia takriban asilimia 62 ya maji, Luwegu 18, na Ruaha Mkuu 15 tu. Bwawa liko chini ya mito yote mitatu na linaweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Hata hivyo umeme unaotarajiwa kwa mwaka ni takriban gigawati-saa 5,920. Mashine zote 9 zingezunguka mwaka mzima bila kusimama zingetoa zaidi ya 18,500. Kwa maneno mengine, megawati 2,115 zinazotangazwa jukwaani ni nguvu ya saa zenye mahitaji makubwa. Kwa wastani wa mwaka mto unalipia karibu theluthi moja yake. Magazeti hayakulisema hili vya kutosha.

Kujaza bwawa kulianza tarehe 22 Desemba 2022. Kabla mashine ya kwanza haijawashwa, mgao ulirudi. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua hata maji ya bomba yakagawiwa jijini, na kuanzia Septemba 2023 upungufu wa umeme ulifika takriban megawati 400. Kisha mvua za El Niño zikanyesha, mashine ya kwanza ikaingia kwenye gridi Februari 2024, na mwezi Machi shirika likazima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulikuwa umezidi matumizi. Nchi ilikuwa imetoka kwenye uhaba hadi ziada ndani ya wiki chache, jambo ambalo halikuwamo katika mpango wowote. Masika ileile ilifurisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, na ubishi ukazuka kama bwawa liliyapunguza mafuriko au liliyaongeza.

Umeme upo, waya haupo, 2024–2025

Mwaka 2025 mashine ya 9 iliwashwa, na uwezo wa nchi ukafika karibu megawati 4,000, yaani chini ya nusu ya lengo la 2014. Hata hivyo mahitaji ya juu kabisa yalikuwa bado takriban megawati 1,900. Lengo lililoshindwa kwa zaidi ya nusu lilikuwa limetosha mara mbili, na hilo linasema zaidi juu ya ubora wa makadirio ya 2014 kuliko juu ya ujenzi.

Tatizo likahamia mwisho wa waya. Kinondoni na Temeke za sensa ya 2012, kabla Ubungo na Kigamboni hazijakatwa kuwa wilaya, zilikuwa na watu 1,775,049 na 1,368,881. Maeneo hayohayo mwaka 2022 yalikuwa na zaidi ya milioni 3.7. Transfoma zilizofungwa kwa ajili ya mitaa ya vyumba viwili sasa zililisha nyumba za kupanga zenye friji na viyoyozi. Mbagala ilizimika umeme ukiwa umejaa Rufiji. Mradi wa Gridi Imara ulianza kuongeza transfoma na vituo vya kupoza, na mpango mkuu uliohuishwa mwaka 2020, unaotazama hadi 2044, ukalazimika kusomwa pamoja na ramani za usambazaji, kitu ambacho mipango ya awali ilikigusa kwa aya chache. Kaskazini ya nchi ilikuwa na ugumu wake: umbali kutoka Rufiji ulikuwa mkubwa na upotevu njiani ukawa mwingi, kiasi kwamba Machi 2025 serikali ilitangaza kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya.

Mkutano wa nishati wa Afrika uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025 uliiacha Tanzania na ahadi ya kufikisha umeme kwa asilimia 75 ya watu ifikapo 2030. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania waachane na kuni na mkaa ifikapo 2034. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, imeongeza mteja ambaye hawezi kukatiwa.

Kati ya mambo hayo, la kupika ndilo zito zaidi kwa mkadiriaji. Kidatu, Mtera, Kihansi na bwawa la Nyerere vyote vimo katika bonde moja la Rufiji, hivyo mwaka mkavu wa Iringa, Mbeya na Morogoro utavigusa pamoja. Kituo cha umeme jua cha Kishapu, Shinyanga, kilichopangwa kufika megawati 150, kitapumzisha maji mchana. Lakini familia ya Tandika au Tandale ikiacha mkaa na kununua jiko la umeme, italiwasha kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, jua likiwa limezama na kila nyumba ya jirani ikifanya hivyohivyo. Saa hizo tatu hazina takwimu za zamani za kutegemea, kwa sababu kwa miaka 100 zimelipiwa kwa wauza mkaa, na wauza mkaa hawapeleki hesabu TANESCO.